Ramani ya simu kwa nahodha wa uvuvi: kipi ukichague, kipi ukiache

Anayetaka kumtengenezea nahodha wa uvuvi programu ya ramani hukutana na njia panda nyingi mapema: ramani ya aina gani, ielekee wapi, kina kiandikwe vipi, saa zisomwe kwa mpango upi, ikae kwenye simu au kwenye kifaa kingine. Nazilinganisha hapa nikiwa na pwani moja akilini, ya mashariki ya Unguja, kutoka Matemwe hadi Jambiani na Makunduchi. Huko mwamba umejipanga mbele ya vijiji kama ukuta. Ndani ya mwamba maji ni madogo, na yakikupwa siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, unatembea kwa miguu hadi karibu na pale mawimbi yanapovunjika. Vyombo hutoka na kuingia kwa milango, yale mapengo ya kwenye mwamba, na nahodha asiyeujua mlango hawezi kuvua upande ule.

Kipimo changu kwa kila kitu ni kimoja: nahodha anarudi alasiri, maji yanatoka, na mlango hauonekani. Kinachomsaidia saa hiyo kibaki. Kinachopendeza mezani tu kiondoke.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwemo. Tulikuwa kwenye mashua ya nahodha wa Jambiani, tunarudi upande wa magharibi, jua liko usoni. Jua likiwa juu au mgongoni, nahodha huzisoma rangi za maji: buluu iliyokolea ni kilindi, kijani ni maji madogo, kahawia ni mwamba. Likiwa usoni, bahari yote inametameta na hakuna cha kusoma. Nikampa simu yangu yenye ramani niliyoitayarisha kwa wiki kadhaa. Kidole gumba chake kilikuwa na maji ya chumvi na magamba ya changu. Alipogusa mara ya kwanza, ramani iliruka. Alipogusa tena, ilijipunguza hadi kisiwa kizima cha Unguja kikaenea kwenye kioo. Akaifuta kwa pindo la kikoi, nalo limelowa. Akanirudishia, akasimama, akautafuta mnara wa simu na paa jeupe la skuli, akangoja hadi vikapangana mstari mmoja, ndipo akaivuta kana ya usukani. Tulipokwisha kuingia ndani akaniambia, "Mwanangu, ramani yako yajua njia, maji haiyajui."

Ramani ya msingi

Hapa ndipo pesa na muda vinapopotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ramani za kuweka chini ya kila kitu ni za aina nne. Ya vekta huchorwa na programu yenyewe kutokana na data ya mistari na alama; ya picha ni ramani ya karatasi iliyopigwa picha kama ilivyo.

| | Rasmi ya vekta | Rasmi ya picha | Huria (OpenSeaMap, GEBCO) | Picha ya setilaiti pamoja na njia za manahodha |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu yake | Bandari, taa, maboya, njia za meli. Faili ndogo | Kila kilichochorwa kinabaki kikionekana | Bure, na unaweza kuirekebisha mwenyewe | Mwamba, mlango na mchanga vinaonekana kama vilivyo |
| Udhaifu wake | Ukipunguza ramani, baadhi ya vitu hufichwa | Faili nzito. Ukikuza unapata ukungu. Maandishi hupinduka ramani ikizunguka | Haina undani karibu na pwani | Haitoi kina. Inataka kazi ya mikono |
| Malipo | Leseni | Leseni | Hakuna | Picha za Sentinel-2 ni bure |

Ramani rasmi ambazo meli huzitegemea kwenye pwani yetu ni za Admiralty, za ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza. Kazi hiyo ina historia ndefu: Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1820. Ni ramani nzuri kwa walengwa wake, yaani meli. Lakini meli haiingii ndani ya mwamba wa Jambiani, na mpimaji huenda kwanza pale meli zinapopita. Ukilipia leseni ukitarajia kupata milango ya wavuvi, utavunjika moyo. Kuna na jambo lingine: pale upimaji ulipofanyika kabla ya setilaiti, mwamba kwenye ramani unaweza kuwa umesogea kutoka mahali pake halisi kwa umbali unaozidi kosa la GPS mara nyingi. Simu iko sahihi, ramani ndiyo imekosea, na mtu hushawishika kuamini kwamba vyote viwili viko sahihi kwa sababu alama ya chombo inaonekana imetulia.

Kati ya vekta na picha, wengi huchagua vekta bila kufikiri, kwa kuwa ni nyepesi na hupendeza. Nami ningeichagua, ila kwa hadhari. Tarehe 29 Novemba 2014, jahazi la mashindano la Team Vestas Wind lilipanda kwenye miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, humu humu katika Bahari ya Hindi. Lilikuwa na vifaa vya kisasa na mabaharia wenye ujuzi wa miaka. Ramani yao ya kidijitali, ilipoangaliwa kwa ukubwa wa eneo pana, haikuonyesha waziwazi kwamba mbele kuna mwamba, ingelazimu kuikuza. Watu wote tisa walisalimika. Kwa mtengenezaji wa programu, tukio hilo linatoa amri moja: mwamba usifichwe kamwe, hata ramani ikipunguzwa kiasi gani. Ficha majina, ficha vipimo vya kina, ficha barabara za nchi kavu. Mwamba ubaki, hata kama ni doa tu la rangi nzito.

Ramani huria zina sehemu yake. OpenSeaMap, iliyoanza mwaka 2009 juu ya kazi ya OpenStreetMap, inafaa kwa taa na maboya, na ukiona kosa unaweza kulirekebisha wewe mwenyewe. GEBCO ni kitu kingine. Inatoa kina cha bahari zote duniani kwa miraba ya sekunde 15 za nyuzi, karibu mita 460 kila upande huku kwetu. Sasa chukua mlango wenye upana wa mita 60. Ndani ya mraba mmoja wa GEBCO mlango huo umezama, mwamba umezama, na maji ya ndani yamechanganywa na ya nje. Kwa nahodha anayekwenda kuvua jodari kwenye kilindi cha kati ya Pemba na Tanga, chenye mamia ya mita, GEBCO inatosha kabisa. Ndani ya mwamba wa pwani ya mashariki, kuipaka rangi ni kumpa mtu uongo unaopendeza macho. Izime huko.

Inabaki picha ya setilaiti, na hapa ndipo nilipoishia mimi. Sentinel-2, setilaiti za mpango wa Ulaya uitwao Copernicus, hupiga picha zenye pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya mita 10, na ziko wazi kwa kila mtu. Mlango wa mita 60 ni pikseli sita: unauona. Picha za makampuni makubwa ni kali zaidi, ila soma masharti yao kabla hujazihifadhi ndani ya programu itakayotumika bila mtandao.

Kuna bahati moja ambayo ni vigumu kuigundua mpaka uweke jedwali la maji kando ya orodha ya picha. Sentinel-2 hupita juu yetu asubuhi, kiasi cha saa nne na nusu. Na kwenye pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo picha iliyopigwa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo inakuonyesha mwamba ukiwa wazi, maji yametoka. Picha ya siku za maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, saa ile ile, inakuonyesha maji yakiwa yamejaa na milango ikiwa buluu. Chukua zote mbili, zipange moja juu ya nyingine, na umpe nahodha njia ya kuhama kutoka hii kwenda ile. Hakuna ramani ya kulipia niliyoiona ikifanya hivyo kwa kijiji kimoja kimoja.

Juu ya picha hizo weka njia za vyombo vyenyewe. Simu ikirekodi njia ya mashua inayotoka na kurudi kila siku, baada ya mwezi mstari umejichora wenyewe. Sharti ni kwamba kila njia iandikwe na urefu wa maji ya saa ile. Njia iliyopitwa maji yakiwa mita 3.5 haimfai mtu anayerudi maji yakiwa mita 1, na programu isiyotofautisha hayo itampandisha mwambani kwa mstari wa kijani.

Kibla juu au omo juu

Je, ramani ikae kaskazini, yaani kibla, juu siku zote, au izunguke ili omo, mbele ya chombo, ielekee juu? Kwa boti ya mashine inayokwenda moja kwa moja, omo juu ni raha: mwamba ulio kulia kwako uko kulia kwenye kioo, na baharia mgeni haoni tabu. Kwa mashua ya tanga ni adha. Chombo kinapokwenda bisho, yaani kwa kukatakata kuupinga upepo, kila kinapogeuka ramani nayo huzunguka, na baada ya mizunguko mitatu hakuna anayekumbuka Makunduchi iko upande gani. Wazee wanaobeba pwani nzima kichwani wanataka kibla juu, kama walivyozoea kuipanga kwenye fikra zao.

Kuna njia ya tatu ambayo husahaulika: mahali uendako kuwe juu. Ukishachagua mlango, ramani hujifunga kuelekea mlango huo na haitikisiki chombo kikigeuka. Hiyo ndiyo ningeiweka iwe ya kawaida kwa safari ya kurudi, na kibla juu kwa safari ya kutoka.

Uangalifu mmoja hapa. Dira ya ndani ya simu huvurugwa na chuma na sumaku, na kwenye boti mashine haiko mbali. Mwelekeo unaopatikana kwa GPS, kutokana na chombo kusogea, haudanganyiki na chuma, lakini chombo kikitulia huo nao hupotea na mshale huanza kuzunguka ovyo. Mwendo ukishuka chini ya noti moja hivi (maili moja ya bahari kwa saa), ni afadhali mshale ugeuke kuwa duara tupu kuliko kuonyesha upande usio wa kweli.

Kina, maji na saa

Kina kwenye ramani hupimwa kuanzia maji yaliyokupwa sana, kwa hiyo namba 2 inaweza kuwa mita 5 maji yakijaa. Swali ni hili: uonyeshe namba ya ramani kama ilivyo, au programu ijumlishe maji ya saa hiyo na kuonyesha kina cha sasa?

Kina cha sasa kinavutia, na hesabu yake haihitaji intaneti. Vipimo vichache vya bandari vikishaingizwa, simu hukokotoa maji ya miaka mingi mbele. Lakini namba ya aina hiyo ina ujasiri usiostahili. Ukimwandikia nahodha "mita 1.4", ataamini ile nukta nne, wakati upimaji wenyewe haukuwa na uhakika wa nusu mita na mchanga umehama tangu hapo. Mimi nimechagua rangi tatu tu ndani ya mwamba, zinazobadilika maji yanapopanda na kushuka: usipite, angalia, pita. Nje ya mwamba namba zirudi, kwa mita au kwa pima, kama mtumiaji anavyotaka. Pima moja ni kama mita 1.83, na mvuvi wa mshipi hupima kamba yake kwa mikono. Ukimlazimisha mita umempa kazi ya kuzidisha kichwani akiwa na samaki kwenye ndoana.

Saa ya maji iwe kubwa, pembeni ya ramani, nayo ionyeshe kasi ya maji kutoka, kwa sababu kasi hiyo hailingani. Kwa maji ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza hushuka takriban sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90 na ya nne 90, kisha hupungua tena. Nahodha anajua hili kwa mwili wake. Kijana anayeanza hajui. Huona maji yametulia, akaamua kutega mara moja zaidi, na katika saa mbili za kati mlango unamfungia.

Sasa saa zenyewe. Jedwali lolote la maji utakalolikuta mtandaoni limeandikwa 04:10, 10:25, 16:30. Nahodha wetu husema saa kumi na dakika kumi alfajiri, saa nne na dakika ishirini na tano, saa kumi na nusu. Programu inayosema "10:25" inamfanya mtu atoe sita akiwa amechoka, na kosa la kutoa sita ni kosa la maji yote kujaa au yote kukupwa, kwa sababu baina ya kujaa na kukupwa ni saa sita na kitu. Hakuna kosa dogo hapo. Andika saa ya Kiswahili kwa maneno, na chini yake kwa herufi ndogo uweke ile ya kimataifa.

Na tarehe ya mwezi iwekwe. Wavuvi wengi wa visiwani huyahesabu maji kwa mwezi wa Kiislamu: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu huja katika robo zake. Ukimwonyesha tarehe ya mwezi pamoja na saa ya kujaa, ataikagua hesabu yako kwa hesabu yake, na hapo ndipo imani inapoanza. Kama hazipatani, atakuambia, na mara nyingi atakuwa na haki.

Kioo, kidole na usiku

Tone la maji ya chumvi kwenye kioo cha simu ni kidole cha pili. Ramani inayokuzwa kwa vidole viwili, kama tulivyozoea mjini, itajikuza na kujipunguza yenyewe. Tofauti na hapo ni vitufe viwili vikubwa vya kuongeza na kupunguza vilivyochorwa kwenye kioo. Ni bora, ingawa navyo hutaka kidole kikavu. Suluhisho nililolipenda kuliko yote ni vitufe vya sauti vya pembeni mwa simu: hivyo hufanya kazi hata simu ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki wa kuzuia maji. Cha juu kikuze, cha chini kipunguze, na ukikishikilia kwa muda kioo kijifunge kisisikie mguso wowote. Vitufe vitakavyobaki kwenye kioo viwe vichache na viwe vikubwa. Kipimo cha kawaida cha watengenezaji wa Android, kama milimita 9, ni cha mtu aliyekaa kwenye kiti kisichotikisika. Kizidishe mara mbili.

Usiku ni habari nyingine. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huvunja mazoea hayo mara moja. Boti za dagaa zina taa kali za kuwavutia samaki, kwa hiyo wakati wa kuvua haijalishi. Ila taa zikizimwa na safari ya kurudi ikianza, nahodha anahitaji macho yake yote. Ramani nyeusi yenye mistari mekundu iliyofifia inafaa, na ijiwashe yenyewe jua likizama. Usimwachie mtu kazi ya kuitafuta ndani ya mipangilio.

Sauti nayo ilinganishwe na maandishi. "Mlango uko kulia, mita mia mbili" kwa Kiswahili, ikisomwa kwa nguvu, humwacha nahodha akitazama mawimbi. Kwenye boti ya mashine haisikiki vizuri. Kwenye tanga inasikika. Iwepo, na izimike kwa urahisi.

Simu, kifaa cha mkononi, au skrini ya botini

Simu tayari iko mfukoni, na hilo pekee linashinda hoja nyingi. Watu huamini kwamba bila bando ramani haitajua mlipo, si kweli. GPS husikiliza setilaiti, na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuipunguzia makusudi usahihi ishara ya raia, kifaa cha bei ndogo kinaweza kujua mahali pake kwa mita chache chini ya anga wazi. Bando linasaidia tu kuharakisha mahali pa kwanza pa kupatikana. Bila hilo, simu iliyozimwa muda mrefu inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo iwashwe chomboni kabla ya kung'oa nanga, isingojwe mlangoni. Ramani, picha na hesabu ya maji vyote viwe vimeshapakuliwa kijijini.

Udhaifu wa simu ni chaji na chumvi. Kioo kikiwaka mchana kutwa betri haifiki magharibi. Na ile alama ya IP68, ya kustahimili maji, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mfuko unahitajika hata kwa simu ghali.

Kifaa cha GPS cha mkononi, kama Garmin eTrex 22x, kinatumia betri mbili ndogo za AA kwa saa 25 hivi, kinastahimili kuzamishwa, na vitufe vyake ni vya kubonyeza kweli. Ramani yake ni duni na kioo ni kidogo. Kwa ngalawa, ambapo kinachotakiwa ni kurudi kwenye alama tatu au nne zinazojulikana, ningekichagua hiki kabla ya programu yoyote, yangu ikiwemo. Skrini ya botini, yenye kupima kina kwa mawimbi ya sauti, ndiyo pekee inayokuambia kina cha kweli cha chini yako sasa hivi. Inahitaji umeme wa betri ya volti 12 na mahali pa kuifunga, na mtaji wake ni mkubwa. Boti ya faiba ya jodari au ya dagaa inaweza kuimudu na inafaa iwe nayo. Kwa mashua za kati, ambazo ni nyingi, simu ndiyo jibu.

Programu zilizopo zitazamwe kabla ya kutengeneza mpya. Navionics, ambayo Garmin iliinunua mwaka 2017, ni nzuri kwa anayeweza kulipa ada kila mwaka kwa kadi ya benki. Hapo ndipo nahodha wengi huishia. OpenCPN ni huria na inasoma aina nyingi za ramani, lakini imeumbwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani na vidirisha vyake ni vidogo kwa kidole. Abalobi ya Afrika Kusini imewasaidia wavuvi wadogo kuandika mavuno na kupata soko. Si ramani ya safari. Iliyo karibu zaidi na tunachohitaji ni Fisher Friend ya India, ya wakfu wa M. S. Swaminathan, inayotoa hali ya bahari kwa lugha za wenyeji na kumwonya mvuvi anapokaribia mpaka wa bahari na Sri Lanka. Wavuvi wa Pemba wanaokwenda dago, yaani kuvua na kupiga kambi mbali na kwao, hadi Shimoni na Vanga upande wa Kenya wangefaidika na onyo kama hilo, na wa Mafia vilevile kwa mistari ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995.

Namba za mahali

Jambo dogo lenye madhara makubwa. Mahali pamoja huandikwa kwa njia tatu, na zinafanana kwa sauti. Nyuzi 6 na dakika 18.50 zikisomwa kwenye redio na msikilizaji akaandika nyuzi 6, dakika 18, sekunde 50, boti ya uokozi itafika zaidi ya mita 600 kutoka ulipo. Akiandika 6.1850, atakosea kwa zaidi ya kilomita 13. Chagua njia moja, nyuzi na dakika zenye desimali, kwa kuwa ndiyo inayotumika sana kwenye ramani za baharini na redio, na ukurasa wa dharura uiandike kama inavyosomwa: "Nyuzi sita, dakika kumi na nane nukta tano sifuri, kusini." Herufi kubwa, kioo kizima, bila ramani nyuma yake.

Alama ni za nani

Hapa sina moyo wa kusawazisha. Wafadhili na watafiti hupenda njia zote ziende kwenye seva, zionekane na wote, zisaidie kupanga uvuvi. Sababu zao nyingine ni njema. Lakini mwamba wa chini ya maji ambao nahodha ameupata kwa miaka 30 ya kushusha mshipi ni mali, kama shamba lilivyo mali, na ukivuja leo, kesho una vyombo kumi juu yake. Milango ni ya kijiji kizima: ishirikishwe, kwa ridhaa, kwa sababu inaokoa watu. Maeneo ya kuvulia yabaki ndani ya simu ya mwenyewe, yamefungwa, na programu ikate kipande cha njia kilicho nje ya mwamba kabla ya kushirikisha kilicho ndani. Hilo lifanyike bila kuulizwa.

Simu nayo huanguka baharini. Ya kuhifadhi nakala kwenye wingu inahitaji bando na imani. Ya kumpa mwanao kwa Bluetooth inahitaji simu ya pili tu, na ndiyo ningeitanguliza. Lakini nilipomuuliza yule nahodha wa Jambiani yeye huhifadhi wapi, aliingia ndani akatoka na daftari la skuli la mjukuu wake. Nusu ya mbele ilikuwa hesabu za darasa la nne. Nusu ya nyuma, namba za GPS kwa kalamu ya buluu, na kando ya kila moja jina la mwamba alilolipa yeye. Nikamwomba nipige picha ukurasa mmoja, nijaribu kama programu inaweza kuzisoma namba zile na kuziingiza yenyewe. Alifikiri kidogo, akafungua ukurasa wenye milango, na ule wa mkono wa pili akaufunika kwa kiganja.